Siku za Kuumwa

Kijiwe chetu cha kahawa kiko pembeni ya barabara inayopanda Mabatini, chini ya jiwe kubwa ambalo kila mwenye kopo la rangi ameshaliandika jina lake. Benchi mbili, jiko la mkaa, birika, na vikombe vinavyosuuzwa kwenye ndoo ileile tangu alasiri mpaka saa nne usiku. Hapo ndipo tulipoiendesha kesi ya wafagiaji kwa siku nne mfululizo, na hatukumwita shahidi hata mmoja.

Kisa chenyewe ni kifupi. Wafagiaji na wabeba taka wa mkandarasi anayehudumia mitaa yetu walikuwa hawajalipwa miezi miwili. Jumatatu hiyo waliamka saa kumi alfajiri kama siku zote, wakaja na mafagio na matoroli yao mpaka kwenye kizimba cha taka, wakayaegemeza ukutani, wakakaa chini. Bango hawakuwa nalo, wala nyimbo. Mwenyekiti wa mtaa alipopita kwenda kuswali alidhani wanasubiri gari.

Siku ya kwanza mji ulikuwa mji tu. Siku ya pili kizimba kikajaa, kikafurika, kikala nusu ya barabara, bajaji na bodaboda zikawa zinapita kwa kupeana zamu. Siku ya tatu ikanyesha. Asiyekaa Mwanza huenda asielewe mvua ya dakika ishirini inafanya nini hapa. Mlima wetu ni mawe, maji hayana pa kuzama, na kila kilichoachwa juu lazima kishuke. Kilishuka. Maganda ya ndizi, pampasi, chupa za maji, nywele bandia, kandambili za mguu mmoja, vyote vikaingia mtaroni, mtaro ukavipeleka mto Mirongo, na Mirongo hauna pengine pa kwenda ila ziwani. Ziwa hilohilo ndilo tunalovuta maji ya kunywa pale Capri Point. Na samaki wake ndio haohao: mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya sangara na sato walionunuliwa sokoni hapahapa Mwanza, na katika kila watano mmoja alithibitika kuwa na vipande vya plastiki tumboni. Kwa hiyo kisichozolewa Mabatini kinaweza kuturudia mezani na ugali.

Siku ya nne wakaja korongo, wale wenye mfuko shingoni. Kawaida yao ni Mwaloni kule Kirumba, wakisubiri matumbo ya samaki. Sasa walikuwa wamesimama juu ya kizimba chetu, kimya, mikono nyuma, kama wajumbe wa kikao wanaosubiri posho.

Kijiweni hukumu ilikuwa imeshatoka tangu Jumatatu jioni. Wafukuzwe, alisema fundi viatu. Sisi tunalipa elfu mbili kila mwezi, wanataka nini tena, alisema wakala wa M-Pesa. Na kipindupindu kikiingia nani atajibu? Hilo la kipindupindu si la kuchezea. Wengi wetu tunaukumbuka mwaka 2015, ugonjwa ulipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti ukasambaa mikoani, kwetu ukafika. Ndio mwaka ambao Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba akaigeuza siku ile kuwa ya usafi, mwenyewe akaonekana akiokota taka kwa mikono. Tangu hapo tukawa na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo maduka hufunguliwa kwa kuchelewa na wakubwa huja na reki mpya.

Na mimi nilichangia. Nilikuwa na kikombe mkononi na nilitaka watu wacheke. Nikasema: "Kufagia si taaluma. Weka tangazo leo, kesho asubuhi una mia mbili wamepanga foleni." Wakacheka kweli.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mmoja wa wale waliokaa chini pale kizimbani. Nilikuwa najua.

Kesho yake jioni nilipita kwake kumsalimia. Anakaa juu zaidi, kule ambako gari halifiki na hata toroli linabebwa begani. Shikamoo shangazi, marahaba baba, karibu. Akanisogezea kigoda, akanimiminia chai, akaweka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye sahani. Tukaongea habari za nyumbani Magu, mvua, nani kafiwa. Kisha, bila kuinua uso kwenye sufuria, akasema, "Nasikia mmeshapata mia mbili wa kutushikia mafagio."

Michembe ukiikosea chai inakwama kooni. Ilikwama.

Hakuendelea. Hiyo ndiyo tabia yake, anakuwekea jambo mbele halafu anakuuliza habari za watoto.

Kabla sijasema yaliyompata shangazi kwenye kazi ile, nimrudie kwanza mzee wetu wa kijiweni, maana yeye ndiye aliyeipa kesi hii kichwa cha habari. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Binti yake anaishi Toronto, Kanada, na mwaka 2009 alikwenda kumtembelea akakuta mji mzima uko kwenye mgomo wa taka. Safari ile tumeshasimuliwa mara nyingi kuliko zilivyo siku alizokaa huko, lakini sehemu hii alikuwa ameitunza. "Walirundika taka bustanini!" akasema. "Bustani ya kuchezea watoto!" Akanywa funda. "Na mnajua waligomea nini? Siku za kuumwa." Tukasubiri. "Siku za kuumwa ambazo hawakuumwa."

Kijiwe kilicheka mpaka muuza kahawa akaungua kidole.

Nina steshenari, mtandao upo, muda wa usiku upo. Nilisoma, na mzee hakutudanganya. Mgomo ulianza 22 Juni 2009 ukadumu siku 39. Waliogoma ni wafanyakazi wa jiji zaidi ya 20,000, si wa taka tu, na vituo vya kulelea watoto navyo vilifungwa. Taka zilihifadhiwa kwa muda kwenye maeneo ya wazi ya jiji, mojawapo bustani ya Christie Pits. Kiini cha ugomvi kilikuwa hiki: mfanyakazi alipewa siku 18 za kuumwa kwa mwaka, na ambazo hakuzitumia aliruhusiwa kuziweka akiba. Akistaafu, akiba ile iligeuzwa fedha, kiasi cha kuweza kufikia mshahara wa miezi sita. Jiji likasema uchumi umeanguka, hatuliwezi tena deni hili. Chama kikasema tuliahidiwa. Na watu wa kawaida, ambao wengi wao walikuwa wakipoteza kazi mwaka ule, wakauliza swali la mzee wetu: nani mwingine analipwa kwa sababu hakuumwa?

Mwishowe walikutana katikati. Wapya hawatapata akiba ile, wa zamani wakaachiwa wachague kubaki nayo au kulipwa waachane nayo. Lakini hasira za wenyeji hazikwisha. Mwaka 2010 walimchagua meya mpya, Rob Ford, aliyeahidi kubana matumizi, na Agosti 2012 kazi ya kuzoa taka za majumbani kati ya barabara ya Yonge na mto Humber ikakabidhiwa kampuni binafsi. Yaani mkandarasi.

Hapo nikaacha kusoma nikatazama nje. Mimi nimekua nikijua mkandarasi tu. Wale wa Toronto walianza na ajira ya jiji, pensheni, chama chenye ofisi na wanasheria, wakagoma, sehemu ya mji ikapelekwa kwa mkandarasi. Shangazi yeye ameanzia pale walipofikishwa wenzake, na chini zaidi ya hapo.

Kazi ya ufagio ana miaka sita nayo. Kabla ya hapo aliuza dagaa pale Mwaloni mpaka mtaji ukakatika. Ana kipande chake cha barabara. Wao husema hivyo, "kipande changu", na ole wako ummwagie maganda ya miwa kwenye kipande chake. Katika miaka sita hiyo zabuni imebadilika mikono mara tatu. Kila mara ilikuwa hivi: mkandarasi wa zamani anaondoka na mshahara wa mwezi wa mwisho, mpya anakuja na reflekta za rangi nyingine na jina jingine mgongoni, wanawake ni walewale, mafagio ni yaleyale. Shangazi anazo reflekta tatu ndani. Moja anafunikia pipa la maji.

Mkataba ni wa miezi mitatu mitatu. Najua kwa sababu msimamizi wao hutoa kopi dukani kwangu. Karatasi mbili, na mstari mmoja uliokolezwa wino: mwajiriwa atalipwa kulingana na siku alizofika. Ukifika siku zote ni shilingi 120,000 kwa mwezi.

Sasa, siku za kuumwa. Mwaka jana wakati wa masika, shangazi alichomwa sindano. Alikuwa akibana mfuko wa taka kwa goti ili uingie kwenye toroli. Sindano ikapita kwenye glovu, zile nyembamba za kuoshea vyombo ambazo alijinunulia mwenyewe, ikazama kwenye nyama ya kidole gumba. Akaichomoa. Akaitia kwenye chupa ya maji, akafunga kizibo ili isimchome mwenzake. Akanawa kidole, akamaliza kipande chake. Haya alinieleza kesho yake usiku, tena katikati ya mazungumzo mengine, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna chenji kaisahau dukani.

Dawa ya kuzuia Virusi vya Ukimwi baada ya kuchomwa inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyofaa. Nilihesabu kwa vidole: saa kama 40 zilikuwa zimeshapita. Tulipanda bodaboda mshikaki, yeye katikati, tukashuka mlima ule usiku hadi kituo cha afya. Nesi alimuuliza kazi yake, akatikisa kichwa, akampa vidonge vya siku 28 na maelekezo ya kurudi kupimwa. Majibu, namshukuru Mungu, yalikuwa mazuri yote.

Lakini vidonge vile si mchezo. Vilimtia kichefuchefu kila alfajiri, saa hiyohiyo ya kufagia. Alikuwa akiinama pembeni ya mtaro, anatapika, anafukia kwa mchanga, anashika fagio. Kwa siku zote zile hakukosa kazini. Nilimuuliza kwa nini hakuomba kupumzika hata wiki moja. Akanishangaa.

"Siku usiyofika haiandikwi, baba."

Msimamizi alipoambiwa alimpa pole na shilingi 5,000. Sitaki kumsema vibaya, huenda zilitoka mfukoni mwake. Ila nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Umewekwa kwa ajili ya sindano kama ile. Shangazi hakuwahi kuusikia. Nilipomwambia aliuliza kama ni upatu.

Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nimeichapa kwa watu mara nyingi bila kuisoma, inasema mfanyakazi ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mtu atasema, ah, hao ni wa miezi mitatu mitatu, hawahusiki. Hilo nalo sheria ililiona mapema: ukiajiriwa zaidi ya mara moja ndani ya mwaka na mwajiri yuleyule, na vipindi vikijumlishwa vikapita miezi sita, haki ya likizo unayo. Ujanja wa mkataba mfupi ulishazibiwa njia zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Tatizo ni kwamba kipande cha barabara kinaanza saa kumi alfajiri na ofisi ya kazi inafunguliwa saa moja na nusu, na siku uliyokwenda ofisi ya kazi nayo haiandikwi.

NSSF tulikwenda kuangalia pamoja, baada ya mgomo. Kati ya wakandarasi watatu, mmoja tu ndiye aliyempelekea michango. Miezi 14. Pensheni inataka michango ya miezi 180. Shangazi ana miaka 51. Akianza kuchangiwa leo bila kukosa mwezi, atazifikisha akiwa na karibu 65, na umri wa kustaafu kwa lazima ni 60. Yule kijana wa dirishani alimweleza kwa adabu sana kwamba asipofikisha atapewa mkupuo. Shangazi akaikunja ile karatasi mara nne akaitia kifuani. Nje akaniuliza mkupuo wa miezi 14 ni shilingi ngapi, nikamwambia, akasema, "Basi hiyo ni ya sanda."

Kuna jambo lazima niliseme hata kama litamuudhi: mgomo wao, kwa jinsi ulivyofanyika, haukufuata sheria. Mgomo halali una njia yake. Mgogoro unapelekwa kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, msuluhishi ana siku 30, ikishindikana wanachama wanapiga kura, mwajiri anapewa taarifa ya saa 48. Wao hawakuwa na kura wala chama. TALGWU ni chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na hawa kwenye makaratasi si wa serikali ya mitaa, ni wa mtu. Tena kuna kifungu cha 77 cha sheria ileile ya 2004, kinachozitaja huduma muhimu ambazo watu wake hawaruhusiwi kugoma isipokuwa kuwe na makubaliano maalumu ya kuendesha huduma kwa kiwango cha chini. Nikausoma ule mpangilio nikacheka peke yangu dukani: maji na usafi, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege. Unaweza kubishana kama fagio la barabarani limo kwenye neno "usafi". Lakini kama limo, basi shangazi yangu na yule anayeiongoza ndege kutua pale uwanjani Ilemela wamewekwa kapu moja.

Kijiweni lilipoletwa hili, wakala wa M-Pesa alirukia: mnaona, hata sheria imewakataza, ni huduma muhimu! Mtu huyohuyo, siku moja kabla, alikuwa amesema ni vibarua tu. Sikumjibu. Nilikuwa na mia mbili zangu begani.

Hatukuuliza, siku zote nne, kama kukaa na mishahara ya watu miezi miwili nako kunaruhusiwa. Hakuruhusiwi. Lakini mshahara usiolipwa haunuki, haujazi barabara, wala haushuki na mvua mpaka mlangoni kwako.

Msimamizi nilimpata siku ya nne, amekuja kutoa kopi. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilimuuliza moja kwa moja. Akanieleza hesabu zake, na kwa haki yake niziweke hapa. Kaya nyingi za mlimani hazilipi ada. Malipo ya kufagia barabara kuu, yanayotoka halmashauri, yanachelewa. Gari linakwenda dampo Buhongwa na kurudi, dizeli kila siku, na gari lenyewe ni la kukodi. Nikamuuliza, kwa nini kinachopungua kila mara ni mshahara? Akafikiri kidogo. "Kaka, sheli hawanikopeshi. Mwenye gari hanikopeshi. Wafagiaji wananikopesha."

Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, kijiweni wala redioni. Na alipokuwa anatoka akageuka. "Na wewe una miezi mitano hujalipa taka." Ni kweli. Shilingi 10,000. Binti wa kukusanya alikuwa akija na mashine yake ya risiti, namwambia pita kesho, naye anapita kesho. Kumbe na mimi nilikuwa namkopa shangazi.

Nimejaribu kujiuliza ningefanya nini kama ningekuwa na nguvu ya kufanya. Dukani kwangu nawajazia watu maombi ya zabuni kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Najua mzabuni anavyobanwa: leseni, kibali cha kodi, hati za usajili, kiambatisho juu ya kiambatisho, kimoja kikikosekana umetoka. Mtu yuleyule akishapata kazi, hati yake ya madai inapokelewa bila mtu kumuuliza, wafagiaji wa mwezi uliopita uliwalipa? Ziambatishwe karatasi tatu tu: malipo ya mishahara yaliyopita benki au kwenye simu, risiti ya NSSF, risiti ya WCF. Bila hizo halmashauri isilipe. Taka ngumu ni jukumu la serikali za mitaa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imesema hivyo, na jukumu ukilikodisha bado ni lako. Ni kama kumpa mtu mtoto wako amlee. Akilala njaa watu hawamuulizi yaya peke yake.

Na barabara kuu zisitegemee elfu mbili zetu. Katikati ya barabara ya Nyerere hakai mtu wa kugongewa mlango alipe ada.

Mei Mosi ya mwaka 2025, sherehe za kitaifa zilikuwa Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Shangazi alisikiliza kwenye redio ya jirani. Alipiga kigelegele kama wengine. Kisha akamuuliza jirani, "Na sisi tumo?" Jirani ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ndani ya furaha yake, akasema bila shaka mmo, nyie si mnafagia barabara ya serikali? Shangazi alilala na hesabu ile usiku mmoja. Asubuhi msimamizi akamweleza.

Mgomo uliisha bila mshindi wa kutangazwa. Siku ya tano alfajiri simu zao ziliingia ujumbe: mwezi mmoja umelipwa, wa pili "wiki ijayo". Wakanyanyuka. Hakuna aliyefukuzwa, labda kwa sababu wale mia mbili wangu hawakutokea. Mimi nilisikia kabla sijafungua macho, ile sauti ya chelewa kwenye lami, krah, krah, inakwenda, inasimama, inakwenda. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba sikuwahi kujua kama naisikia. Iliwachukua siku mbili kukimaliza kizimba. Korongo walirudi Mwaloni bila kuaga.

Jioni ya Ijumaa nilirudi kijiweni. Nilitaka kusema neno kuhusu wale mia mbili, nikashindwa pa kulianzia, nikaanzia kwa mzee. Nikamwambia, mwalimu, nimeisoma ile habari yako ya Toronto, ni kweli tupu. Akafurahi. Nikamwambia hata kwetu ziko siku za kuumwa, ila hazitunziki: 126 kwa kila miezi 36, usipozitumia zimekufa. Nikamweleza sindano. Nikamweleza vidonge. Kijiwe kikapoa, maana wote wanamjua shangazi. Fundi viatu anamshonea raba zake.

Mzee akauliza, "Ana muda gani kazini?"

"Miaka sita."

Akaokota kijiti, akainama kwenye vumbi mbele ya benchi. Miezi 72 kugawanya kwa 36. Mbili. Mara 126. Nikamwambia waajiri walikuwa watatu tofauti, kwa hiyo hesabu haiendi moja kwa moja namna hiyo. Akanikatiza kwamba mwanafunzi haingilii ubaoni. Akaandika kwa tarakimu kubwa: 252.

"Ametumia ngapi?"

"Hakuna."

"Miaka sita hajawahi kuumwa?"

"Hajawahi kukosa."

Mzee alibaki ameinama, kijiti mkononi, kama anayetafuta kosa kwenye hesabu ya mtoto. Muuza kahawa alikuwa anafunga. Akapita katikati yetu na ndoo yake, akasema samahani wazee, akamwaga masuuzo palepale kwenye vumbi.